Kisasi Kikomee Pindoni

Wapo wanaodhani kuwa jina la leso ni pambo. Wanaliona pale chini, juu ya pindo, limepigwa kwa herufi kubwa, wakafikiri limewekwa ili kitambaa kisiwe kitupu. Mwanamke wa Mombasa hanunui leso hivyo. Akiingia duka la Biashara Street huomba leso ikunjuliwe, na kabla hajaishika kujua uzito wake, kabla hajauliza kama rangi inachuja, macho yake yamekwisha fika kwenye jina. Jina likimkaa, ndipo atazame mji wa katikati na pindo. Lisipomkaa, rangi iwe nzuri namna gani, ataomba nyingine. Nimelelewa na wanawake wa namna hiyo, na nataka kuwasifu, wao pamoja na watungaji wasiojulikana wanaowaandikia, kwa ufundi ambao naona haujapata sifa yake. Ni ufundi wa kuchukua hasira ya mtu aliyedhulumiwa na huruma ya mtu mwenye moyo, vitu viwili visivyozoea kukaa nyumba moja, ukavitia katika kitambaa kimoja kwa maneno matatu au manne.

Ili uzito wa ufundi huo uonekane nitaanzia mbali, katika vitabu vya kale vya Waebrania na Wayunani. Waebrania si mbali sana na sisi. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika kisiwani humu Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, kwa hivyo kazi ya kutafsiri vitabu vyao kwa lugha yetu ilianzia hapahapa Mvita. Na Muislamu wa Mji wa Kale hana haja ya kujulishwa kwa Ibrahimu wala kwa Daudi. Anawajua tangu chuoni. Wayunani ndio wageni zaidi, lakini wanawake wao hawatushangazi. Ukisoma vitabu hivyo nawe umekulia katika nyumba yenye sanduku la leso, kuna jambo litakushika mapema: mwanamke akikaribia kulipa kisasi au kutoa huruma, nguo haiko mbali na mkono wake.

Mtazame Yaeli, katika kitabu cha Waamuzi. Sisera, jemadari wa Wakanaani, ameshindwa vitani na Baraka aliyetumwa na nabii Debora. Ameliacha gari lake, anakimbia kwa miguu. Anafika kwenye hema la Yaeli, mke wa Heberi Mkeni, ambaye ukoo wake una amani na mfalme wa Sisera. Yaeli anatoka kumlaki, anamwambia asiogope, anamfunika kwa bushuti. Mgeni anaomba maji, anapewa maziwa, kisha anafunikwa tena. Mtu wa pwani akiyasoma haya anayatambua hatua kwa hatua: mgeni amepokewa, na amepokewa kupita alivyoomba. Sisera anapolala kwa uchovu, Yaeli anachukua kigingi cha hema na nyundo, anamwendea kwa kunyata, anampigilia kigingi kipajini mpaka kinaingia ardhini.

Watu wamebishana karne nyingi kama Yaeli ni shujaa au ni mtu aliyevunja amana ya ukarimu. Mimi hunishughulisha ile bushuti. Nguo iliyomsitiri mgeni ndiyo iliyomfumba macho. Huruma ya Yaeli haikusimama mbele ya kisasi chake kukizuia. Ilikuwa ndiyo njia kilimopita. Alifanya kila jambo jema ambalo mwanamke hufundishwa kumfanyia mgeni, na kila jambo jema likawa hatua moja kuelekea kwenye nyundo. Hadithi hii ikisomwa haraka, mtu hukumbuka kigingi. Anayejua maana ya kumfunika mtu aliyelala hukumbuka kwamba alifunikwa mara mbili.

Sura inayofuata ni wimbo wa ushindi wa Debora na Baraka, ambao wataalamu wengi huuhesabu katika mashairi ya kale kabisa ya Kiebrania. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mtungaji. Wimbo ungeweza kuishia kwenye maiti ya Sisera, na wasikilizaji wangeridhika na kupiga vigelegele. Badala yake unahamia dirishani kwa adui. Mama yake Sisera anachungulia, anauliza kwa nini gari la mwanawe lachelewa. Wanawake wenye busara walio naye wanamjibu, naye anajijibu vivyo hivyo ili moyo utulie: bila shaka wanagawana nyara, kila askari amepata msichana mmoja au wawili, na Sisera mwenyewe atarudi na nguo za rangi zilizotariziwa. Msikilizaji anajua kuwa saa hiyohiyo Sisera amelala chini ya nguo nyingine.

Ni kijembe, tena kikali. Mama huyo hajawahurumia wasichana wa watu wanaogawanywa kama mizigo; yeye anawazia tarizi. Lakini hakuna awezaye kutunga kijembe hicho bila kwanza kwenda kukaa dirishani pale, akaipima saa ya mama anayesubiri, akayajua maneno ambayo wenzake humwambia ili asilie mapema. Debora katika wimbo huo anaitwa mama katika Israeli. Aliijua saa ile. Kisasi chake cha maneno kililazimika kupita ndani ya moyo wa adui ili kimfikie, na huwezi kupita ndani ya moyo wa mtu usiuone ulivyo. Sijui kilele kingine cha maneno ya kisasi kilicho juu kuliko hicho, na wanawake wetu, nitakavyoeleza, walikifikia kwa njia yao.

Rispa binti Aya hana wimbo. Katika kitabu cha pili cha Samweli hasemi hata neno moja. Nchi imepigwa na njaa miaka 3, na mfalme Daudi ameambiwa kuwa sababu ni damu ya Wagibeoni iliyomwagwa na Sauli, mfalme aliyemtangulia. Wagibeoni wanataka wanaume 7 wa ukoo wa Sauli, nao wanapewa, wakiwemo wana 2 aliowazaa Rispa, suria wa Sauli. Wanatundikwa mlimani mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Rispa anachukua nguo ya gunia, anaitandika juu ya mwamba, anakaa. Mchana anafukuza ndege wasiziguse maiti, usiku anafukuza wanyama wa mwituni, na hatoki pale mpaka mvua ya mbinguni inanyesha. Habari zake zinamfikia Daudi, naye ndipo anakwenda kuitwaa mifupa ya Sauli na ya Jonathani mwanawe iliyokuwa imewekwa Yabesh-gileadi, na mifupa ya hao waliotundikwa inakusanywa, ikazikwa.

Mfalme hakutukanwa wala hakulaaniwa. Alitandikiwa gunia mahali ambapo kila mpita njia ataliona. Ni huruma tupu kwa upande wa wafu, na kwa upande wa waliowatoa ni shutuma ambayo haina jibu, kwani utamjibu nini mama anayefukuza ndege? Nikisoma habari za Rispa huwaza vichochoro vya Kibokoni, na namna ambavyo mwanamke aliyeonewa na jamaa za mumewe anaweza kuanika leso moja kwenye kamba iliyoelekea dirisha lao, akaendelea na kazi zake.

Kwa Wayunani nguo ni kali zaidi. Euripides, mtunzi wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika tamthilia ya Hecuba, malkia wa Troy aliyefanywa mtumwa baada ya mji wake kuanguka. Mwanawe mdogo, Polydorus, alikuwa amepelekwa kwa mfalme Polymestor wa Thrace, rafiki wa nyumba, pamoja na dhahabu za kumlea. Troy ilipoanguka Polymestor alimuua kijana kwa ajili ya dhahabu zile, akamtupa baharini. Hecuba kwanza anatafuta haki. Anamwendea Agamemnon, mkuu wa jeshi lililomteka, anamsihi kwa magoti. Agamemnon anamhurumia, lakini anaogopa jeshi litasema nini. Anaahidi kutoingilia, basi. Ndipo Hecuba anamwalika Polymestor hemani pamoja na watoto wake wawili, kwa ahadi ya dhahabu nyingine.

Linalotokea ndani ya hema ni mapokezi ya kike kamili. Wanawake wa Troy wanamketisha mgeni katikati yao. Wengine wanalishika vazi lake, wanaliinua kwenye mwanga, wanausifu mkono ulioufuma uzi wake. Wengine wanaistaajabia mikuki yake, wakaichukua kuitazama. Wenye watoto wao wanawabeba watoto wa mgeni, wanawasifu, wanapokezana mkono kwa mkono, na kila mkono unawapeleka mbali kidogo zaidi na baba yao. Kisha panga zinatoka chini ya nguo. Watoto wanauawa. Baba yao anashikwa mikono, miguu na nywele, na macho yake yanatobolewa kwa vifungo vya nguo.

Huwa siwezi kuusoma ukurasa huo kwa wepesi, na si kwa sababu ya damu. Nimekaa sana na wanawake wanaoinua nguo ya mgeni kwenye mwanga kuisifu kazi yake. Nimeona watoto wakipokezwa mkono kwa mkono katika nyumba ya harusi, kila shangazi akiomba zamu. Euripides alichukua yale ambayo wanawake hufanya ili mgeni ajione yuko kwao, akayageuza silaha bila kuyabadilisha hata kidogo. Medea wake, mwanamke aliyeachwa na mumewe, ni hivyohivyo: vazi zuri na taji la dhahabu, zawadi ya kumpongeza bi harusi mpya, vikapelekwa na watoto wake mwenyewe, na vazi likamla aliyelivaa. Na kuna hadithi ya kale zaidi ya Philomela, aliyenajisiwa na shemeji yake Tereus kisha akakatwa ulimi asiseme. Alifuma aliyotendewa katika kitambaa, akakipeleka kwa dada yake Procne. Procne alikisoma. Mpaka hapo ni hadithi ambayo pwani nzima ingeisimulia kwa fahari, nguo iliyosema pale ulimi uliponyimwa. Lakini Procne aliposoma alimuua mwanawe mwenyewe, Itys, akampikia baba yake. Kitambaa kilifikisha ujumbe, na ujumbe ulipofika hapakuwa na mahali pa kuuzuia.

Pwani nayo ina hadithi zake za aina hii, na katika zote ninayoipenda ni ile ya shujaa Fumo Liyongo. Yumo kifungoni Pate, na mfalme amekusudia kumuua. Mtu wa kumfikia ni Saada, kijakazi wa mama yake, anayeleta chakula mlangoni. Walinzi hula kizuri na kumwachia mfungwa kilicho duni. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe kwa fumbo, mbele ya walinzi walewale, nao hawaelewi. Saada anaelewa, au anaelewa mama. Siku ya pili unaletwa mkate wa wishwa, walinzi wanaudharau, na ndani yake mna tupa ya kukatia minyororo. Baadaye, Liyongo alipouawa kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe aliyetumwa na watesi, alipiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kusogea kuteka maji, wakidhani yu hai. Kiu ikawashika. Aliyeitwa kwenda kumbembeleza ni mama yake.

Hebu fikiria alichoombwa mama huyo. Mji uliomla mwanawe sasa una kiu, na maiti ya mwanawe inaulipizia kisasi bila kunyanyua mkono. Yeye anakwenda kuituliza. Hecuba asingekwenda. Kwa hakika simlaumu Hecuba, lakini najua ni yupi kati ya hao wawili ambaye bibi zetu walimkalisha kichwani mwao walipoanza kutunga.

Leso ilienea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wazee husimulia kuwa mwanzo wake ni leso za mkononi sita zilizoshonwa pamoja, tatu juu na tatu chini, na baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima kilichopigwa chapa. Maandishi yaliingia baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa mwaka 1887, na leso zake zinajulikana pwani nzima kwa alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Leso huja kwa pea, pande mbili zilizoungana, na mafundi wa cherehani walio barazani mwa maduka ya Biashara Street huzikata na kuzipinda mwenyewe ukiwa umesimama.

Sasa litazame jina lenyewe kama kazi ya mtungaji. Hasidi hana sababu. Hesabu mizani yake: ni nane kamili, kipande cha utendi, kipimo kilekile ambacho Mwana Kupona binti Msham alikitumia mwaka 1858 kumwandikia wosia binti yake Mwana Hashima. Usisafirie nyota ya mwenzio: sita na sita, mizani ya wimbo. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake: vina vimeshikana, na simba amewekwa pale ili mtu apungue kimo bila kutukanwa. Japo sipati, tamaa sikati. Watu waliotunga haya walikuwa na mapokeo ya ushairi mwilini. Hawakupewa kurasa, walipewa ukanda mmoja mwembamba juu ya pindo, na katika ukanda huo wakalazimika kuweka hali nzima, aliyedhulumu, aliyedhulumiwa, na namna mambo yatakavyoishia. Mshairi wa tendi anazo beti mia. Mtungaji wa leso ana pumzi moja.

Na sheria za matumizi ni ngumu kuliko za utunzi. Jina halimtaji mtu. Mvaaji hamwelekezei mtu kidole. Anapita tu, au anafagia kizingiti chake, au anakaa barazani akichambua mchele, na leso imekaa vizuri kiunoni, jina likisomeka. Akiulizwa, leso ameipendea rangi. Mlengwa akikasirika amejitaja mwenyewe. Akinyamaza, ujumbe umefika na hakuna aliyeaibika mbele ya watu. Akitaka kujibu atakwenda dukani naye, atafute jina linalomfaa, alipe pesa, ampe fundi apinde, na wiki imekwisha. Nauthamini sana muda huo. Hasira ya asubuhi si ile ya baada ya wiki. Tena ili umchague adui jina litakalompata, lazima umjue: nini kinamuuma, wapi anajiona hafifu, usiku analiwazia nini. Ni kulekule dirishani kwa mama yake Sisera. Mwanamke anayesimama dukani akipima majina kwa ajili ya mke mwenza wake yuko, kwa muda ule, ndani ya moyo wa mke mwenza, na nimeona mara zaidi ya moja mtu akirudisha leso kali mezani akachukua ya subira.

Hecuba alikuwa na vazi na kifungo chake, na hakimu aliyemhurumia akaogopa. Mwanamke wa Mji wa Kale mara nyingi hakuwa na hakimu zaidi ya huyo. Ndugu wa mume watasema yaishe, wazee watasema avumilie, jirani watasema wasiingilie. Kilichobaki ni nguo. Tofauti ni kuwa nguo yake imeandikwa, na kwa kuandikwa kisasi kinapata mahali pa kukomea. Kitambaa cha Philomela kilisema jambo la siri kwa mtu mmoja, na mtu mmoja aliyebeba siri peke yake alifika kwenye kisu. Leso husema hadharani, barazani, harusini, kwa wote wanaojua kusoma hali. Mtaa mzima unakuwa shahidi, na mtu aliyeshuhudiwa hana haja kubwa ya damu.

Sitaki kuufanya ufundi huu malaika. Maneno ya wanawake wa Mombasa yameumiza. Katika vyama vya ngoma ya lelemama, vilivyotia fora hapa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mashindano yalikuwa ya mavazi, ya karamu na ya nyimbo, na nyimbo zilikuwa na uwezo wa kumfanya mtu asitoke nyumbani. Vugo la harusi nalo, pembe zikigongwa njiani, lilikuwa na beti ambazo nyumba fulani zilifunga madirisha zikipita. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907, lakini asili ya mtu iliendelea kutajwa kwa mafumbo muda mrefu baada ya hapo. Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha mwaka 1989 simulizi za maisha za wanawake watatu wa Mombasa, na humo Bi Kaje wa Mwenye Matano, mwungwana, na Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa, wanaueleza mji mmoja kutoka pande mbili. Ukizisoma pamoja unaona kuwa ngoma zilezile ziliwakutanisha watu wa asili mbalimbali na pia zikawapa uwanja wa kuchomana. Fumbo linamlinda mnyonge anayelitumia kumfikia mwenye nguvu. Likitoka juu kwenda chini, kwa mtu asiye na leso ya kujibia, ni ukatili, na kuwa na vina hakuufanyi uwe mdogo.

Kinachoiokoa leso ni kwamba haikuumbwa kwa ugomvi peke yake. Kitambaa hichohicho ndicho mkunga alichompokelea mtoto, ndicho kilichombeba mgongoni, ndicho mama alichojitanda alipotoka ghafla kwenda kwa jirani aliyepiga ukemi. Mtu akifa, leso ndiyo ya kwanza kumsitiri kabla ya sanda kukatwa. Bi harusi hupewa pea kwa pea, na somo wake hupewa zake. Marafiki wawili wanaopendana hununua pea moja, kila mmoja akachukua upande, na upande mmoja ukiuona kwa mtu unajua upo mwingine mahali. Sanduku la mwanamke mzima lina Wema hauozi iliyokunjwa juu ya Hasidi hana sababu, na Nani kama mama chini yake, na zote zinanuka udi mmoja. Hakuna leso ya kisasi ambayo haijawahi kumfunika mtoto aliyelala. Bushuti ya Yaeli ilikuwa na kazi mbili, ya pili ikaiua ya kwanza. Katika sanduku lile kazi zote mbili zinaendelea miaka na miaka, na ile ya kusitiri ndiyo inayoichakaza nguo, kwani ndiyo ya kila siku.

Ndiyo maana matanga ya Mombasa huwashangaza wageni. Waliovaliana leso mwaka mzima hukutana kwenye msiba wa mmoja wao. Anayekuja haji kusamehe, huenda hajasamehe. Anakuja kwa sababu kuna mchele wa kuchambuliwa na mfiwa wa kushikwa. Ugomvi ulikuwa kwenye pindo, haukuwahi kufika mahali ambapo angeshindwa kuingia mlangoni. Hecuba na Polymestor hawangeweza tena kukutana msibani.

Tamthilia ile ya Euripides inaisha kwa kesi. Polymestor, kipofu, anamlalamikia Agamemnon, anaeleza kuwa alimuua kijana kwa manufaa ya jeshi. Hecuba anamjibu hoja kwa hoja, na Agamemnon anampa Hecuba haki. Imechelewa mno, watoto wamekwisha kufa, lakini kila mmoja amesimama na kudai kuwa yeye ndiye aliyeonewa. Nililielewa jambo hilo vyema kwa leso kuliko kwa kitabu. Hutokea, tena si mara chache, wanawake wawili waliokosana wakafika nyumba moja ya harusi asubuhi wakiwa wamevaa Hasidi hana sababu, rangi tofauti, jina lilelile. Kila mmoja ameichagua kwa ajili ya mwenzake, kila mmoja ameisoma ya mwenzake akajua imemlenga yeye. Wenzao wote jikoni wamesoma pia. Hapo jina linageuka, maana sasa kila mmoja anaona limeandikwa juu ya mwili wa mtu anayejihesabu kuwa ndiye aliyeonewa. Mara nyingine mmoja hucheka kwanza, mara nyingine hakuna anayecheka kabisa. Vitunguu vya pilau ya watu mia tatu vinataka kumenywa kabla ya adhuhuri, na wenye nyumba, wanaojua walifanyalo, huwapa hao wawili gunia moja.